Shati la Mikono Sita

“Sita,” alisema Kimeli, kioo cha fundi saa kikiwa bado kimebanwa jichoni. “Nimehesabu mara tatu, shemeji. Upande huu mitatu, upande ule mitatu. Ama huko kwenu Sigor mitatu na mitatu ni minane?”

Wakulima waliokuwa wakingoja lori la majani wakacheka. Tecla hakucheka.

“Hesabu tena. Jua limekuingia machoni.”

“Jua liko nyuma yangu.”

“Basi ni kivuli kimekuingia. Angalia kama ana kiuno. Angalia kama ana vipapasio kichwani.”

“Wacha kiuno. Ni wewe ulisimama mbele ya komiti ukasema tuhesabu miguu. Ulisema tukipata minane, shamba lako lisiguswe. Tukipata sita, tupige dawa Alhamisi na hutafungua mdomo. Sasa huo mdomo ukiwa wazi hivyo unatafuta nini?”

Tecla akafunga mdomo. Ilikuwa Jumamosi, katika kibanda cha kuuzia majani ya chai chini kidogo ya Chepilat, kiangazi kile cha mwaka wa tisini na saba ambapo jua liliwaka mpaka kuku wakataga mayai yaliyokwisha kuiva. Juu ya meza ya mbao palikuwa na jani moja tu la chai, lililogeuka rangi ya shaba, na juu ya jani hilo kidudu kidogo kuliko punje ya unga. Kidudu hicho ndicho kilichokuwa kikigombaniwa.

Kimeli alikuwa mwenyekiti wa komiti ya kibanda, na pia mdogo wa marehemu mume wa Tecla, kwa hiyo alikuwa na haki mbili za kumpigia kelele. Komiti ilikuwa imekubaliana na Obiero, kijana wa kutoka upande wa ziwani aliyekuwa mshauri wa mashamba, kwamba Alhamisi atakuja na pampu na kupiga dawa mashamba yote ya mstari ule. Atakayekataa, majani yake yatarudishwa kutoka kwenye mizani hadi atakapokubali. Tecla alikuwa na michai elfu moja mia sita, aliyoipanda mmoja mmoja kwa mkono wake mwaka ambao mtoto wake wa mwisho alikuwa bado mgongoni. Hakuwa na kitu kingine.

Naye hakuwa akikataa kwa ukaidi tu, ingawa ukaidi alikuwa nao wa kutosha kugawia tarafa nzima. Kiangazi kilichotangulia aliona jirani yake Sally akipigiwa dawa hiyo hiyo. Kwa siku tisa wale vidudu wekundu wa majani walinyamaza. Siku ya kumi wakarudi, na wakarudi na wakwe zao. Tecla alienda akainama chini ya michai ya Sally akakusanya maiti kwenye kiganja. Walikuwa wale wadudu wa mviringo kama nusu ya dengu, wekundu wenye madoa meusi, ambao kazi yao mchana kutwa ni kula hao vidudu wa majani. Wale wenyewe wa majani hakuwaona hata mmoja kati ya maiti hao.

“Mmeua askari,” alimwambia Sally, “na wezi mmewaachia ufunguo.”

Kisha akaiomba chupa ya dawa. Kusoma hakujua, lakini chupa ilikuwa na picha ya mdudu, na picha haihitaji shule. Akahesabu miguu ya yule wa kwenye picha: sita. Tangu siku hiyo neno lake likawa moja. Dawa hiyo inaita jina la nyumba nyingine, alisema. Hawa wetu ni ndugu za kupe. Wana miguu minane. Wanaitwa wao, wanaitika wengine.

Mtu aliyezaliwa Sigor hawezi kufundishwa habari za kupe. Kupe wa Sigor wa zamani walikuwa wakubwa hata ng'ombe walirudi jioni wakiwatembeza kando wakidhani ni ndama. Tecla alipokuwa msichana, kazi yake ilikuwa kuwang'oa, sikio kwa sikio, kwapa kwa kwapa, na kwa kuwa hakuwa na shule ya kumpotezea wakati, aliwatazama. Aliona kwamba kupe ni mfuko mmoja. Kichwa, kifua na tumbo vyote vimeshonwa pamoja kama mtu aliyelala ndani ya gunia. Akamtazama siafu: huyu amekatwa vipande vitatu, ana kiuno cha kuvunja roho, na kichwani vipapasio viwili vya kuulizia njia. Akamtazama buibui: vipande viwili, miguu minane, vipapasio hana. Basi buibui na kupe wamenyonya ziwa moja, akasema moyoni, hata kama mmoja amenenepa.

Alipoolewa huku kwenye chai na Kipkemoi, aliyekuwa mwangalizi wa josho la ng'ombe, aliendelea. Kaa wa mto Kipsonoi aliwakuta kiangazi kimoja wakihama kwa miguu kwenda kutafuta mto mwenye maji, akawasimamisha na kuwahesabu: miguu kumi, miwili ya mbele ikiwa koleo. Tandu alimkuta na miguu miwili kwa kila pingili, jongoo minne kwa kila pingili. Jongoo huyo alimchukua siku tatu kumhesabu, na asiyeamini aende Merigi kwa dada yake akaulize, kwa sababu ugali uliungua siku zote tatu na Kipkemoi akaenda kula kwa jirani.

“Wote hao ni mbari moja,” alikuwa akimwambia mumewe. “Mfupa wanauvaa nje kama koti. Miguu yao ina viungo. Koti likiwabana wanalivua, wanashona lingine. Lakini ndani ya mbari kuna nyumba, na nyumba hazifanani.”

“Na mimi ni nyumba gani?” Kipkemoi aliuliza siku moja.

“Wewe umevaa mfupa ndani. Ndiyo maana nikikuchapa unapiga kelele.”

Jambo hili halikuwashangaza majirani, kwa sababu Tecla alikuwa hivyo hivyo na watu. Wazee walipokaa kuulizana koo kabla ya posa, asije kijana akaoa dada yake, yeye ndiye aliyeitwa pembeni na kuulizwa. Alikuwa na koo za watu kichwani kuanzia Chepilat hadi Sigor. Aliwahi kusimamisha uchumba ng'ombe wakiwa wamekwisha ingia zizini, kwa kuangalia tu ndewe ya sikio la msichana. “Usimuulize mtu anakula nini,” ndiyo ilikuwa kanuni yake. “Fisi na kasisi wote wanakula nyama. Tazama alivyoungwa.”

Na sasa mtu huyo huyo alikuwa amesimama mbele ya wakulima thelathini, kanuni yake mwenyewe imemtega mguu. Alikuwa ameifuata mbali. Kioo kile alikitoa kwa Osoro, fundi saa wa soko la Chepilat, baada ya kukaa mbele ya kibanda chake kutwa mbili bila kuomba, akimwangalia tu. “Mama, unanitia kiwewe,” Osoro alisema mwishoni. “Nimeshaunga saa ya mwalimu inarudi nyuma. Chukua, lakini unirudishie siku ya soko.” Tecla alipokiweka jichoni akaona kidole gumba chake kikiwa kama mlima wa Manga, na juu ya jani akawaona wekundu, wakubwa wenye miguu minane, wanatembea kama wenye shamba. Ndipo akaenda kwa komiti. Hakujua kwamba siku ya kuhesabiwa, Kimeli angechukua jani lake mwenyewe, na juu ya jani hilo, miongoni mwa wote, angemchagua huyu.

Lori likapiga honi. Tecla akakifunga kioo kwenye pindo la leso, akabeba kikapu chake kitupu, akaenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Jioni akawa anakamua. Ndama alikuwa akitikisa sikio, akatikisa tena, mpaka maziwa yakamwagika. Tecla akalishika sikio lile akalikunjua, na ndani akaona vumbi la kahawia lililokuwa likitembea. Hilo alilijua tangu utoto. Sigor wanaliita mbegu za kupe: watoto waliotoka kwenye yai wiki hiyo, wanaomngoja ng'ombe kwenye ncha ya nyasi. Alikuwa amekwisha wafuta kwa mafuta taa mara elfu. Lakini hakuwahi kuwahesabu, kwa sababu jicho tupu lingehesabu nini pale?

Akafungua pindo la leso.

Mitatu upande huu. Mitatu upande ule. Akahesabu wa pili, wa tatu, wa saba. Ndama akachoka kushikwa sikio akamkanyaga mguu, naye hakuhisi. Mtoto wa kupe, kupe halisi, ambaye hata mlevi hawezi kumwita siafu, alikuwa na miguu sita.

Jumapili baada ya kanisa alienda moja kwa moja kwa Kimeli, akiwa na gauni lake la kanisani. Mke wa Kimeli, Janeffer, alikuwa akimenya viazi mlangoni.

“Yuko?” Tecla aliuliza.

“Yuko, lakini amesema kama ni wewe hayuko.”

Kimeli akatokea. “Shemeji, neno ni neno. Uliweka mwenyewe.”

“Neno langu liko pale pale. Nataka kukuuliza kitu kimoja nirudi. Kabla hujapelekwa msituni kutahiriwa, ulikuwa ukoo gani?”

“Wetu. Si unaujua? Wewe ndiwe unajua koo zote.”

“Na ulipotoka?”

“Huo huo.”

“Lakini kabla ya hapo hukuwa na jina la mwanaume. Hukuruhusiwa kukaa na wanaume, hata fimbo yao hukushika. Mtu angekuja akaangalia kilichokosekana kwako akasema, huyu si wa ukoo huu, angekuwa na akili?”

Kimeli akamwangalia mkewe. Janeffer akaendelea na viazi vyake kwa bidii.

“Yule uliyemhesabu jana ni mtoto,” Tecla alisema. “Watoto wa kupe pia nimewahesabu jana, wana sita. Jozi ya nne hawazaliwi nayo. Wanaipata wakivua koti la kwanza. Na kama wa kupe ni hivyo, na wa majani ni hivyo.”

“Nani amekuambia? Obiero ana cheti, hajasema hayo.”

“Obiero aliangalia cheti, mimi niliangalia sikio la ndama. Sasa sikiza. Nenda kwenye shamba lako, si langu. Chagua mdogo kabisa, mwenye sita, wewe mwenyewe kwa jicho lako. Mweke peke yake. Kama mpaka Jumatano hajapata minane, nitambeba Obiero mgongoni pamoja na pampu nimzungushe shambani.”

“Na nikimweka kwako, nitajua aje hujabadilisha?”

“Nani amesema kwangu? Utamweka hapa. Ulale naye wewe.”

“Mimi nilale wapi?” Janeffer aliuliza.

Wakacheka wote watatu, na Kimeli alipocheka ikawa amekubali, kwani ni vigumu kukataa meno yakiwa nje. Janeffer akatoa kifuniko cha sufuria. Tecla akakigeuza, akamimina maji kidogo, akatandika kitambaa chenye maji na juu yake jani la chai. Wa majani hawezi kuogelea; kitambaa kikiwa chepechepe, jani linakuwa kisiwa. Kimeli alichukua saa nzima na kioo na unyoya wa kuku kuwafagia wengine wote, hata mayai, hadi akabaki mmoja, mdogo, mwenye rangi iliyofifia kama chai ya mtu bahili. Akahesabu kwa sauti: sita. Akakifungia kifuniko ndani ya sanduku lake la vyeti, kioo akakiweka hapo hapo, ufunguo akauvaa shingoni.

Jumatatu Tecla alichuma majani. Jumanne alichuma majani. Mikono yake ilikuwa ikikimbia juu ya michai kama kawaida, ila alikuwa akiangalia barabara. Jumanne adhuhuri Janeffer akaja na maneno ya mumewe.

“Amesema amekufa.”

Tecla aliacha kuchuma. “Nani?”

“Mgeni wenu. Tangu jana jioni hatembei. Amekunja miguu, amekakamaa. Kimeli amepuliza, hajatingisika. Amesema nikuambie Alhamisi uchote maji ya kuchanganyia dawa.”

Tecla akakaa chini, kikapu kikiwa bado mgongoni.

“Ameanguka ubavu?” aliuliza.

“Hapana. Yuko vile vile, amejishikilia jani.”

“Amebadilika rangi?”

“Amekuwa kama anang'aa hivi. Kama kitu kimefunikwa na karatasi ya peremende.”

Tecla akasimama. “Vijana wakiwa menjo,” alisema, na hapo alikuwa akitaja kile kibanda cha msituni wanachofichwa waliotahiriwa, “umewahi kuona mama zao wakiomboleza? Hawaonekani, hawatembei, hawaongei na mtu. Hawajafa. Mwambie Kimeli aache kupuliza. Aongeze maji kwenye kitambaa na aniache nichume.”

“Na kama amekufa kweli, mama?”

“Basi nitachota hayo maji. Na Obiero nitambeba, kama nilivyosema.” Akageukia mchai. “Lakini sijashika ndoo.”

Usiku huo hakuna anayejua kama alilala. Asubuhi ya Jumatano alichuma kikapu kizima, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akaupeleka mzigo kibandani, ukapimwa pengine kwa mara ya mwisho. Kisha akaenda kwa Kimeli akiwa na udongo miguuni, akaketi kwenye kochi la wageni bila kukaribishwa.

Kimeli akavua ufunguo shingoni. Akafungua sanduku, akabeba kifuniko kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sakramenti, akakiweka dirishani penye mwanga. Ilionekana wazi kwamba amemzoea. Asubuhi, Janeffer alisema, alimsalimia kabla ya kumsalimia yeye.

“Sijamwangalia tangu jana,” Kimeli alisema. “Ulisema nisipulize.”

“Angalia sasa.”

Akainama. Akabana kioo jichoni. Akakaa hivyo hata chai aliyokuwa amemiminiwa ikaota utando.

“Yuko wawili,” alisema.

“Hawezi kuwa wawili. Ulifagia mwenyewe.”

“Nakuambia wako wawili. Mmoja mweupe amelala. Mwingine anatembea.”

“Mguse huyo mweupe. Polepole, na ule unyoya.”

Kimeli akamgusa. Yule mweupe akapeperuka kidogo, akatua, mwepesi kuliko jivu.

“Hana kitu ndani,” Kimeli alisema, na sauti yake ikawa ndogo. “Ni ngozi. Imepasuka katikati. Ni kama shati mtu amevua akaliacha kitandani.”

“Hesabu mikono ya shati.”

“Mmoja. Miwili. Mitatu.” Akahamia upande wa pili. “Sita.”

“Sasa hesabu mwenye shati.”

Janeffer alikuwa ameacha kazi na kuja kusimama nyuma ya mumewe, mkono begani. Yule wa majani hakutaka kutulia, akazunguka ukingo wa kisiwa chake, akafika kwenye maji, akarudi. Kimeli akamfuata na kichwa, kichwa kikizunguka kama cha kuku anayefuata mchwa. Upande mmoja akahesabu kimya, midomo ikicheza. Akapumua. Upande wa pili akahesabu kwa sauti.

“Tano. Sita. Saba.” Akangoja yule mdogo ageuke. “Nane.”

Tecla alichukua kile kikombe cha chai cha Kimeli, akatoa utando kwa kidole, akanywa.

“Nane, shemeji,” Kimeli alirudia, kama mtu aliyeambiwa habari za kifo au za kuzaliwa na hajajua ni ipi. “Nimelala naye mimi mwenyewe. Ufunguo ulikuwa hapa.”

“Najua ulikuwa hapo. Komiti nayo inajua?”

“Nitaiambia. Shamba lako halipigwi dawa, na majani yako hayarudi kutoka kwenye mizani. Hilo limekwisha.” Akafikiri. “Na langu halipigwi.”

“Na la Sally? Na yale mengine ya mstari huu?”

“Shemeji, wewe ukipewa mkono unavuta bega.”

“Bega la nani? Wale askari wenye madoa hawajui mpaka wa shamba langu na la Sally. Mkiwaua kule, huku watatoka wapi? Obiero analeta pampu leo, kesho aanze kupiga. Utamwambia nini?”

Kimeli akarudisha kioo jichoni, akamwangalia tena yule mwenye miguu minane, aliyekuwa amesimama kando ya shati lake kuukuu.

“Nitamwambia,” alianza, “kwamba kabla hajafungua hiyo chupa yake, aniambie kwanza yule wa kwenye picha ni wa nyumba ya...”

Mlango ukasukumwa. Obiero akaingia, pampu mgongoni, chupa mbili mkononi, jasho likimtiririka, akasimama katikati ya chumba akiwaangalia: mwenyekiti wa komiti aliyeinama dirishani na kioo cha fundi saa jichoni, mkewe nyuma yake, na Tecla kwenye kochi la wageni, ambaye alisogea kidogo na kumpangusia mahali pa kukaa.